Mkunazini, Cape Coast na gunia moja la karafuu: jibu kwa muongoza watalii

SWALI: Assalaam aleikum mwalimu. Mimi ni muongoza watalii Mji Mkongwe, mwaka wa sita huu, leseni ninayo, si papasi. Karibu kila siku napeleka wageni Mkunazini. Nawateremsha kwenye vile vyumba viwili vya chini, nawapandisha kanisani, nawaonesha duara la marumaru mbele ya altare palipokuwa na mti wa kuchapia watu, na maneno yangu ni yale yale: hapa palikuwa na soko la watumwa, Wakristo wakaja wakalifunga, wakajenga kanisa. Mwezi uliopita mama mmoja wa Jamaica alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ameshafika Cape Coast, Ghana, na huko alioneshwa kanisa lililokaa juu ya shimo la watumwa, watu wakisali juu na wengine wakifa chini. Akaniuliza: "Sasa Ukristo ni upi, wa kule au wa hapa?" Nikakosa la kusema. Nyumbani mjomba anasema dini ile ni ya damu tangu Vita vya Msalaba. Mwenzangu kazini, Mkristo, anasema bila ya Wakristo mimi leo ningekuwa mtumwa wa mtu. Mimi Muislamu, mama yangu wa Chake, na sitaki kumtukania mtu dini yake wala kusema uongo kwa ajili ya bakhshishi. Tukiupima Ukristo kwa historia yake, mzani unalalia wapi?

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Swali la mama yule lingenifunga mdomo na mimi, kwa hiyo usijilaumu.

Kwanza nikwambie ninapotokea, maana mpimaji naye hupimwa. Mimi ni Mkristo, mzaliwa wa Mbweni, na historia nimeisomesha skuli mpaka nikastaafu. Bibi yake bibi yangu alishushwa akiwa mtoto kutoka kwenye jahazi lililokamatwa na manowari ya Kiingereza. Watu kama yeye huku kwetu waliitwa mateka. Misheni ikampa chakula, nguo, jina jipya na mume. Hayo mawili ya mwisho hakuulizwa. Bila ya misheni ile nisingekuwepo kukuandikia, na ndani ya misheni ile ile lilipotea jina alilopewa na mama yake. Hakuna katika ukoo wetu anayelijua leo.

Umeuliza mzani unalalia wapi. Kwenu Pemba, msimu wa karafuu, mnunuzi anayeijua kazi hakimbilii mzani. Anatia mkono mpaka katikati ya gunia, anatoa konzi moja, anaziponda kwa vidole, ananusa. Anatafuta unyevu na makonyo. Karafuu zisizokauka zinapiga kilo nyingi, na gunia zito laweza kuwa ndilo gunia baya. Mjomba wako na mwenzako wa kazini wote wawili wameshalinyanyua gunia na kutaja uzito. Mimi nitatia mkono tu, na nianzie pale pale unaposimama na wageni wako.

Wakristo walilifunga soko? Soko lilifungwa na Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, kwa mkataba alioutia saini tarehe 5 Juni 1873, na hakuutia saini kwa kuhubiriwa. Mjumbe wa Uingereza, Sir Bartle Frere, alikuja mapema mwaka huo kumshawishi, akaondoka mikono mitupu. Baadaye konseli wa Uingereza, John Kirk, akamfikishia habari kwamba akikataa, manowari zitaizingira Unguja. Kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeshang'oa mikarafuu ya Unguja na kuzamisha merikebu zake. Hakuwa na kifua cha kushindana. Hilo lilikuwa tendo la dola yenye mizinga. Kanisa lilifuata: jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya mwaka huo huo, na Askofu Edward Steere akausimamia ujenzi mpaka mwisho wa muongo ule. Saa ya mnara, kama mnavyowaambia wageni, ilitoka kwa Barghash mwenyewe kwa sharti kwamba mnara usiipite Beit el Ajaib kwa urefu. Yaani mtu ambaye hadithi yako inamfanya adui ndiye aliyetoa saa ya kanisa. Nalipenda jambo hilo, ingawa halithibitishi chochote.

Lakini dola ile ilisukumwa na nani? Hapa mwenzako ana hoja, na tusimnyime. Tangu miaka ya 1780 walikuwepo Uingereza Maquaker, yaani Wakristo wa madhehebu ya Marafiki, na Waanglikana wa uamsho waliozunguka na maombi ya saini, wakaandika, wakakataa sukari ya watumwa mezani mwao, mpaka biashara ikapigwa marufuku mwaka 1807 na sheria ya kuukomesha utumwa katika makoloni ikapita mwaka 1833. Baadaye barua za David Livingstone zikaamsha kelele juu ya Afrika Mashariki. Yeye alifariki Mei 1873, mwezi mmoja kabla ya mkataba, hakuupata. Wengi wa watu hawa walisukumwa na imani yao hasa. Anayesema ilikuwa hesabu ya viwanda na biashara tu hajasoma walichokiandika usiku wakiwa peke yao.

Sasa rudi nyuma nusu karne. Mkataba wa kwanza wa kuibana biashara hii hapa kwetu ni wa mwaka 1822, baina ya Seyyid Said na nahodha Mwingereza, Moresby. Ulikataza nini? Ulikataza watu wa Sultani kuwauzia watumwa Wakristo. Lisome tena hilo, kisha fikiri namna linavyokaa na maneno unayowaambia wageni. Wafaransa wa visiwa vya miwa, vile vinavyoitwa leo Mauritius na Réunion, walikuwa wanunuzi wakubwa wa pwani hii. Tangu mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alikuwa amefunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watu 1,000 kila mwaka. Wareno nao walikuwa wakipakia Msumbiji kwenda Brazil. Hapo sijataja pembe za ndovu, zilizokwenda Ulaya na Marekani kuwa vinanda na vitu vya anasa, wala nguo iliyozinunua. Nguo ile bado tunalo jina lake: merikani. Ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts kwa pamba ya kusini mwa Marekani. Pamba iliyochumwa na watumwa wa Wakristo ilivuka bahari mbili ikaja kununua watumwa wa Waislamu. Mtu akikupa hadithi ya upande mmoja, mtajie merikani.

Na vile vyumba viwili vya chini. Unajua vizuri kuliko mimi jinsi wageni wanavyonyamaza humo. Wapo wanahistoria, wakiwemo wa hapa hapa Zanzibar, wanaosema nyumba ile ilijengwa na misheni yenyewe baada ya soko kufungwa, ikiwa hospitali, kwa hiyo si stoo ya watumwa wa soko. Hilo haliwafuti watu waliouzwa Mkunazini. Waliuzwa kwa maelfu, na soko lilikuwa pale. Ila linatufundisha kitu juu ya Kanisa langu: mwenye kupenda kuonekana mwokozi hupenda pia shimo la mwenzake liwe na giza zaidi. Ukoloni nao uliipenda hadithi hiyo, ya Mwarabu muuzaji na Mzungu mkombozi, kwa sababu ilimpa hati ya kukaa. Na wewe mtoto wa hapa unajua kwamba habari ya utumwa kwetu haijapata kuwa ya makumbusho tu. Zama za Siasa, miaka ile ya kabla ya uhuru, ziliifanya fimbo, na Januari 1964 watu walikufa kwa asili zao. Kwa hiyo maneno unayoyasema pale chini yana uzito hata ukiwa unayasema kwa mazoea.

Sasa mama wa Jamaica. Nitakupa kitu ambacho hata mapadri wengi hawakijui, na laiti ningekijua siku za kusomesha.

Mwaka 1710 tajiri mmoja wa Barbados, Christopher Codrington, alifariki akaliachia mashamba yake ya miwa shirika la wamisionari wa Kanisa la Uingereza, kwa ufupi SPG, ambalo mkuu wake alikuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Wasia ulitaka mashamba yaendelee kuwa na watumwa wasiopungua 300. Shirika lilikubali. Watumwa wapya walipigwa chapa ya moto kifuani, na chapa ilikuwa neno SOCIETY, yaani Shirika, ili akitoroka ajulikane ni wa nani. Watu wale walikuwa mali ya Kanisa lenyewe, lenye kamati, mweka hazina na sala ya kufungulia kikao. Uingereza ilipoukomesha utumwa ililipa fidia ya pauni milioni 20. Wakalipwa mabwana. SPG ilipokea pauni 8,823 na senti zake. Waliopigwa chapa hawakupata kitu.

Kanisa la Cape Coast alilooneshwa mama yule je? Katika ngome ya watumwa lilimo kanisa lile, kuanzia mwaka 1766, alihudumu padri Mwafrika, Philip Quaque, Mwafrika wa kwanza kupewa upadri katika Kanisa la Uingereza. Aliyempeleka huko ni SPG hao hao. Alikaa nusu karne akisomesha watoto na kusalisha, na watumwa wakipita chini yake kwenda melini.

Na misheni ya Mkunazini, iliyokuja hapa mwaka 1864, ile tuliyoizoea kwa jina la UMCA, mwaka 1965 iliungana na SPG ikawa shirika moja, USPG. Shirika la chapa ya Barbados, shirika la padri wa Cape Coast na shirika lililomlea bibi yake bibi yangu Mbweni leo ni nyumba moja. Mama yule alikuuliza Ukristo ni upi, wa kule au wa hapa. Mwambie ni ule ule, na daftari ni moja.

Najua jibu litakalokuja kutoka kwa watu wangu: hao walikuwa watu wa zama zao, utumwa ulikuwa kila mahali, hakuna aliyeuona ubaya wake. Nilikuwa nikilisema hilo darasani mimi mwenyewe. Nimeliacha, na aliyeniachisha ni askofu wa karne ya nne.

Gregory wa Nyssa aliishi katika nchi inayoitwa leo Uturuki. Siku moja alikuwa akifafanua kitabu cha Mhubiri, akafika pale mfalme anapojisifu kwamba alinunua watumwa na wajakazi. Wahubiri wengine wangepita. Yeye akasimama, akamgeukia mwenye watumwa: umempata kwa bei gani? Umekuta kitu gani duniani chenye thamani ya akili ya mtu? Sura ya Mungu umeilipia vipande vingapi vya fedha? Hakuzungumzia mabwana wakali peke yao. Alisema kitendo chenyewe cha kummiliki mtu ni kujifanya Mungu. Na Gregory alikuwa na Biblia ile ile yenye Paulo akiwaambia watumwa wawatii mabwana zao. Aliisoma, akafika alipofika. Huyo ni mtu wa karne ya nne, wakati utumwa kweli ulikuwa kila mahali.

Kama aliweza kuona yeye, udhuru wa Papa Nicholas V ni upi, aliyempa mfalme wa Ureno kwa barua za mwaka 1452 na 1455 ruhusa ya kuwakamata Waislamu na wapagani na kuwatia katika utumwa wa daima? Barua zile zilitufikia. Vasco da Gama alipita pwani hii mwaka 1498, na mwaka 1505 Mreno mwenzake, Almeida, aliipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Vatikani ilitamka kuikana nadharia iliyojengwa juu ya barua hizo Machi 2023. Fanya hesabu mwenyewe.

Hii ndiyo hukumu yangu, kama unataka hukumu. Kila mahali palipotendeka uovu mkubwa kwa jina la Kanisa, ukichimba utamkuta jirani yake mtenda uovu, mwenye kitabu kile kile na ubatizo ule ule, aliyekataa. Jirani huyo anafanya kazi mbili kwa mpigo. Anamwondolea mkosaji udhuru wa zama, na anaonesha kwamba ndani ya dini ile kulikuwa na cha kukatalia. Mjomba wako hamtaki jirani huyu katika hadithi. Mwenzako anamtaka yeye tu, na anazungumza kana kwamba Kanisa zima lilikuwa yeye, wakati mara nyingi Kanisa lilimwona msumbufu mpaka alipokufa.

Nikupe jirani wa hapa hapa. Frank Weston alikuwa Askofu wa Zanzibar kuanzia mwaka 1908 mpaka alipofariki 1924. Mwaka 1919 serikali ya Kenya ilitaka machifu wawasukume watu wakafanye kazi katika mashamba ya walowezi. Maaskofu wenzake wa Kianglikana wa Mombasa na Uganda, pamoja na mmisionari mkubwa wa Kiskoti, waliandika kukubali kazi ya lazima mradi iwe na masharti. Weston akaandika kijitabu mwaka 1920 kuwapinga wote, serikali na maaskofu, akisema dola inarudisha kwa mlango wa nyuma kitu ilichojisifu kukifukuza. Sasa usimfanye malaika: mwaka 1916 huyo huyo alikuwa ameongoza kikosi cha wapagazi kutoka Zanzibar katika vita vya dola hiyo hiyo, na wapagazi wa vita vile unajua walivyokufa. Hata hivyo mwaka 1919 walikuwepo mezani maaskofu kadhaa, Biblia moja, na mmoja akasema hapana. Hao wengine wasiniambie habari za zama.

Na Pemba kwenu. Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud, kwa kusimamiwa na Waingereza, alitoa amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya kisheria. Watu wanaisherehekea bila ya kuisoma. Mtumwa hakuachwa huru siku ile. Alitakiwa aende mwenyewe kuomba. Bwana alilipwa fidia. Aliyeachwa huru alitakiwa aoneshe ana makazi na riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri mpaka mwaka 1909. Maofisa walioibana amri hivyo walikuwa Wakristo wa kwenda kanisani Jumapili, wakihofia karafuu zitakosa wachumaji. Waliowapigia kelele walikuwa Wakristo vile vile, Maquaker, ambao mwaka huo huo walifungua misheni yao Banani, karibu na Chake. Mama yako bila shaka anapajua.

Mema ya misheni kwa mateka wenyewe nayaandika kwa mkono mmoja ukinitetemeka. Miongoni mwa watoto watano wa kwanza ambao Sultani, Sayyid Majid, aliikabidhi misheni mwaka 1864 alikuwemo John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyeuzwa utotoni, akawa padri mwaka 1890. Skuli ya Kiungani ilichapa gazeti la Kiswahili, Msimulizi, tangu mwaka 1888. Steere alikaa chini akajifunza Kiswahili kwa watu wa mji huu, akachapisha hadithi zao mwaka 1870, wakati Wazungu wenzake wengi walikuwa wakidhani lugha zetu hazina cha kuandikwa. Hayo ni mazito, sitayapunja.

Upande wa pili wa gunia hilo hilo: mapadri wa Kifaransa waliokuja hapa mwaka 1860, kabla hawajavuka kwenda Bagamoyo, waliingia soko la Mkunazini wakanunua watoto kwa fedha. Wao waliita kukomboa. Mtoto alikombolewa kweli, na mwenye kuuza akaondoka na bei yake kamili, tayari kwa safari nyingine ya bara. Kisha mtoto akapelekwa shambani kufanya kazi kwa kengele. Freretown, Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1880 ilijulikana kwamba msimamizi wa misheni alikuwa akiwachapa viboko watu walioletwa pale wakiwa huru. Kwetu Mbweni wazee walituhadithia kengele kuliko walivyotuhadithia viboko. Kengele ya kuamka, ya sala, ya kazi, ya kulala. Bibi yangu mpaka anakufa akisikia kengele yoyote, hata ya muuza barafu, alikuwa akisimama kwanza ndipo akumbuke kwamba hakuna anayemwita.

Vita vya Msalaba vya mjomba nitavipitia haraka. Ni kweli: Yerusalemu mwaka 1099 walichinjwa Waislamu na Mayahudi, na mwaka 1204 jeshi la msalaba liliiteka na kuipora Konstantinopoli, mji wa Wakristo wenzao, jambo ambalo Papa John Paul II aliliombea msamaha Athens mwaka 2001. Mjomba hasemi uongo. Ila watu wale wamekufa zaidi ya miaka mia nane, na ni rahisi kuwalaani. Mimi nina mfano wa karibu zaidi, unaoniuma zaidi, na hukumu yake ilisomwa Arusha.

Rwanda ya 1994 ilikuwa nchi ya Wakristo kwa wingi mkubwa. Aprili ile, Nyange, Watutsi zaidi ya 1,500 walikimbilia kanisani, maana katika machafuko ya zamani waliokimbilia kanisani walipona. Kanisa liliangushwa kwa katapila wakiwa ndani. Padri wao, Athanase Seromba, alipatikana na hatia katika mahakama ya kimataifa ya Arusha; hukumu ya kwanza ilikuwa miaka 15, na kwenye rufaa mwaka 2008 ikawa kifungo cha maisha. Hapo hakuna zama za kusingizia. Alikuwa na radio na alikuwa amesoma seminari. Mwezi huo huo, Gisenyi, Félicité Niyitegeka, Mhutu, mwanamke Mkatoliki aliyejitoa kwa kazi za Kanisa, alikuwa amewaficha Watutsi nyumbani. Kaka yake alikuwa ofisa wa jeshi, akamtaka aondoke ajiokoe. Alikataa, akauawa pamoja nao. Padri na mwanamke yule walikula ekaristi moja. Ukinitaka nijumlishe watu hawa wawili nikupe wastani, siwezi, na anayeweza simwamini.

Kwa hiyo neno langu kwa mwenzako wa kazini ni hili: ukimhesabia Ukristo mema ya Félicité, mhesabie na katapila. Huwezi kusema wema ni wa dini na ubaya ni wa watu. Kwa mjomba naligeuza: ukimhesabia Ukristo chapa ya Barbados, mhesabie na waliokataa sukari. Kuhusu Uislamu hukuniuliza, na si kazi ya Mkristo wa Mbweni kukutilia mkono katika gunia lako. Mkono unao.

Kanisa la Uingereza siku hizi linakiri zaidi kuliko zamani. Februari 2006 sinodi yake iliomba radhi kwa utumwa na ikaitaja Codrington. Januari 2023 wasimamizi wa mali za Kanisa hilo wakatangaza mfuko wa pauni milioni 100, baada ya kukuta kwamba hazina yake ya zamani iliwekeza katika kampuni iliyosafirisha watumwa. Mwaka 2024 Askofu Mkuu Justin Welby alihubiri hapa Mkunazini akazungumzia toba. Nasikia watu wakiuliza kama haya yanatosha. Mimi nauliza kwanza kama yanatufikia. Waumini niliozungumza nao Mbweni, Codrington hawajaisikia.

Turudi kazini kwako. Usiache kuwapeleka Mkunazini. Ni mahali pa kweli. Lakini geuza mpangilio. Anzia nje, kwenye zile sanamu ndani ya shimo alizozichonga Clara Sörnäs wa Sweden, kwa sababu minyororo iliyofungwa shingoni mwao ni minyororo halisi ya wakati ule, na hapo huna haja ya kuongeza chumvi. Wape dakika wanyamaze. Kwenye vyumba vya chini sema "inasemekana", kisha waambie na ubishi wa wanahistoria. Wageni hawapunguzi bakhshishi kwa kuambiwa ukweli, nimeona. Ukiingia kanisani sema soko lilifungwa na Barghash chini ya mizinga ya Waingereza, ambao baba zao walikuwa wanunuzi, na waliosukumwa na wenzao waliokataa. Sentensi ni ndefu, najua. Wewe ni hodari, utaikata. Kisha waoneshe saa. Na mama wa Jamaica, kama alikuachia anwani, mwandikie habari ya Codrington na Quaque. Yeye ndiye mwenye haki ya kuzijua kuliko sote.

Ukipata wageni wenye muda, walete Mbweni. Wakitoka kwenye magofu ya skuli ya wasichana, waingize kanisa la Mtakatifu Yohana, kisha makaburini. Niulize kwa watu wa pale, sikai mbali. Nitakuonesha msalaba mdogo wa saruji, uliopasuka upande mmoja, umeandikwa Agnes. Wageni huuliza jina lake la kwanza lilikuwa nani. Nawaambia hilo hilo nililokwambia wewe.